Mwalimu Aliyefundisha Kuogelea Juu ya Benchi

Mpendwa wetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mwalimu Benchi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1941. Vitambulisho vyake vyote vinasema hivyo. Dada yake mkubwa, aliyekaa hapo mbele, anasema si kweli, kwa sababu anakumbuka mtoto alikuja wakati wa mvua kubwa, na mwezi wa tatu kwao mvua huwa bado. Mambo yalikuwa hivi. Shule ya mafunzo ya wanamaji ya wavulana ilipofunguliwa tarehe 9 Machi 1955, karibu wote waliofika hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na karani akachoka kubahatisha. Akawapa wote tarehe ya kufunguliwa kwa shule, mwaka akaukadiria kwa urefu wa mtu. Ndiyo maana kila mwaka siku hiyo nyumba ya marehemu ilijaa wazee wenye siku moja ya kuzaliwa, wakigombania nani mkubwa.

Kazi ya kuandika wasifu huu alipewa binti yake, ambaye ni mkunga, na ndiye anayeusoma. Ameandika akifuta, akifuta akiandika. Tarehe hazikumsumbua sana. Kilichomkwamisha ni jambo moja ambalo hajui aliandike vipi: je, baba yake alijua kuogelea?

Shule yenyewe ilianzia ndani ya meli kuukuu iliyofungwa gatini kwa sababu haikuweza tena kwenda popote. Mwaka uliofuata meli ikaanza kuvuja, shule ikahamishiwa kilimani, kwenye ghala la zamani la magunia. Mlingoti uling'olewa ukasimikwa uani, kengele ikatundikwa karibu na jiko, na mkuu wa kwanza akatangaza kwamba hakuna kilichobadilika. Sakafu ya saruji iliendelea kuitwa sitaha. Mvulana aliyetaka kutoka getini kwenda kununua wembe alipiga saluti na kuomba ruhusa ya kushuka nchi kavu. Mkuu huyo huyo ndiye aliyetoa ile amri: mwanafunzi yeyote asiingie majini kabla hajafaulu kuogelea. Hakuna aliyethubutu kumuuliza watafaulu vipi. Basi mabenchi ya bwaloni yakapangwa safu, wavulana wakalala juu yake kifudifudi, na mwalimu akapiga ngoma: vuta, kunja, sukuma. Marehemu alikuwa hodari kuliko wote. Mwaka 1959 alipewa kikombe cha mwogeleaji bora, kikombe ambacho kilikutana na maji siku ya kuoshwa tu.

Wenzake walipangiwa meli. Yeye, kwa sababu ya kikombe, alibakizwa awe mwalimu wa kuogelea, na walimu kazi yao ilikuwa sitahani. Akafundisha hadi shule ilipofungwa mwaka 1991 na bwalo likageuzwa kuwa duka la makochi. Alikuwa mkali. Aliyekunja goti vibaya alirudia mpaka benchi lilie. Akishuka kilimani kwenda sokoni, watu wazima wenye mvi walimpisha njia wakirusha mikono hewani, vuta, kunja, sukuma, naye aliwasahihisha palepale mbele ya wauza nyanya.

Mwaka 1966 alimuoa fundi cherehani aliyeshona sare za shule. Walianza kuongea siku alipopeleka kitambaa ashonewe kaptula ya kuogelea, maana aliona mwalimu wa kuogelea lazima awe nayo.

"Ya nini, Mwalimu?" fundi akamuuliza. "Wewe hata ukipita karibu na ndoo unapandisha suruali."

Watu wote kwenye foleni walicheka. Marehemu alichukua kitambaa chake akaondoka, kesho yake akarudi bila kitambaa. Mama anasema katika maisha yao yote pamoja hakuwahi kumwona majini zaidi ya vifundo vya miguu. Walijaliwa watoto wawili, binti na mvulana, na wote walifundishwa kuogelea sebuleni. Binti alikuwa mwepesi kiasi kwamba baba aliwaita majirani waje waone. Lakini akiomba kwenda ufukweni na wenzake, jibu lilikuwa moja: "Kesho." Alikua akijiuliza kama baba yake anamwonea, au ana siri, au ana wazimu kidogo.

Mwaka 1979 meli moja ya jeshi iliungua ikiwa mbali na nchi kavu, na mabaharia wakajirusha. Wengi walikuwa wanafunzi wake. Walirudi wote isipokuwa mmoja, kijana aliyeitwa Kijiko kwa kuwa hakuachana na kijiko mfukoni. Tangu siku hiyo marehemu alikuwa mtu wa kukuna kichwa. Je, waliorudi waliokolewa na mabenchi, au na maboya? Na Kijiko, ni moto uliomuua, au ni mwalimu wake? Mama alimwambia njia ya kujua ni rahisi, bahari iko pale chini, ashuke ajaribu.

"Nikizama, je?" akajibu. "Watoto wa watu wote wale nitakuwa nimewatuma na nini?"

Hakushuka. Wala hakumuuliza Kengele, mzee huyu mnayemwona ameshika kofia, ambaye shuleni alikuwa mpiga kengele na kwenye ajali ile alinusurika. Kila tarehe tisa Machi Kengele alikuja, akanywa chai, wakaongea habari za magoti na za bei ya sukari, akaondoka. Jana mchana, watu wakipanga viti, binti alishindwa kuvumilia.

"Baba mdogo, siku ile ulifikaje nchi kavu?"

"Nilishika pipa."

"Kwa hiyo hukuogelea?"

"Pipa likanikimbia. Nikajilaza kama niko bwaloni, nikawa namsikia baba yako ananitukana magoti."

"Kwa hiyo uliogelea?"

"Sijui, mwanangu. Halafu nikaokota boya."

"Na kwa nini hukumwambia baba?"

"Hakuniuliza. Mwalimu huwezi kumjibu kabla hajakuuliza."

Familia inaandika majibu hayo kama yalivyotolewa.

Moyo wa marehemu ulianza kumsumbua mwaka 2018. Kufikia mwezi wa tatu mwaka huu wa 2022 daktari alisema umechoka, na kwamba kilichobaki ni kumtunza vizuri nyumbani. Akiwa kitandani, mikono ilikuwa ikitembea juu ya blanketi: vuta, kunja, sukuma. Asubuhi moja akamwambia binti yake, "Nipeleke majini." Binti alidhani anataka kuoga, akaleta beseni. Marehemu akaliangalia beseni, akamwangalia na yeye. "Yale makubwa," akasema.

Hapo nyumba iligawanyika. Mdogo wake binti, ambaye ni dereva wa lori na hupenda mambo yaende kwa utaratibu, alikuja juu.

"Dada, akili zako ziko wapi? Mtu kupumua tu shida, umtie baharini? Akifia huko tutawaambia nini watu?"

Dada na yeye aliogopa hilohilo. Mama ndiye aliyekata shauri. Aliweka miwani, akavuta kiti mbele ya cherehani, akasema, "Mpelekeni. Kaptula yake ananidai tangu zamani."

Jumapili tarehe 3 Aprili walishuka naye. Bahari ilikuwa shwari. Yule mdogo wake alibaki ufukweni na taulo akinung'unika, kisha akaingia na viatu vyake. Binti alimlaza baba yake kifudifudi, akaweka mikono miwili chini ya kifua chake, namna anavyopokea watoto wa watu kila siku kazini. Maji yalimfika binti kiunoni.

"Usiniachie," marehemu akasema.

"Sikuachii, baba."

Akaanza. Goti lilikunjwa kama inavyotakiwa. Alivuta, akakunja, akasukuma, akihesabu kwa sauti ndogo, na binti akatembea kando yake. Akaona mikono yake haibebi kitu. Akaishusha kidogo, akaishusha tena, kisha akaiondoa kabisa. Walikwenda hivyo kipande kizima, mdogo wake nyuma yao amesahau kununa. Ndipo marehemu akapiga moyo konde.

"Haya," akasema, "sasa niachie."

"Nilishakuachia zamani, baba."

Alisimama. Aliiangalia mikono yake, akawaangalia wanawe, akalia bila kujificha. "Inashika," akasema. Walimfunika taulo wakamkalisha mchangani, na furaha ilikuwa tele. Baada ya muda akageuka akauliza, "Sasa Kijiko alikwama wapi?" Hata leo hawajui.

Marehemu aliaga dunia nyumbani kwake Alhamisi tarehe 14 Aprili 2022, wakati wa chai ya saa nne, cherehani ikisikika chumba cha pili. Alikuwa na umri wa miaka themanini na mmoja, zaidi au pungufu. Kaptula ilikuwa imekunjwa juu ya mto wa kulalia, karibu na kichwa chake.

Ameacha mjane, dada yake mkubwa, watoto wawili, na wajukuu watano ambao wote wanaogelea vizuri sana sebuleni, na ambao mkunga ameshapanga kuwapeleka baharini yeye mwenyewe. Ameacha pia wazee wote wa tarehe tisa Machi. Na amemwacha Kijiko mahali alipo, labda sasa wanaulizana.

Familia inawashukuru majirani, na daktari aliyekataa kuwaruhusu wampeleke baharini na kisha akauliza ilikuwaje.

Baba, ulisema usiachiwe mpaka utakaposema. Umeshasema. Vuta taratibu, magoti yako hayana kasoro, mikono yetu haiko tena chini yako.

Tumekuachia, baba. Pumzika.