Mkono wa Mzee Jacob Mhina

Wasikilizaji wapendwa, leo namkumbuka mtu niliyewahi kumtania hapahapa studioni, naye akanivumilia. Mzee Jacob Mhina wa Dindira, mwongozaji wa bendi ya matarumbeta, amefariki akiwa na miaka sabini na moja. Tumemzika Jumamosi.

Miaka thelathini alisimama mbele ya bendi ile. Hakupuliza chochote. Alipanda juu ya kreti la soda, akainua mkono, basi. Siku ile hapa studioni nikamuuliza, "Mzee wangu, wenzako wanatoka jasho, wewe unapunga mkono. Kazi yako hasa ni nini?"

Akacheka. "Mwanangu, mimi nawaambia wavute pumzi lini. Wakivuta pamoja, watapiga pamoja."

Mwaka juzi, kwenye harusi Mkata, basi lilipiga honi ndefu katikati ya wimbo na bendi ikapotea. Mzee akakunja ngumi, wote wakanyamaza, akainua mkono upya. Binti yake Rhoda, mpiga tarumbeta, anasema hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya baba: mkipotea, nyamazeni, muanze pamoja.

Sasa nisikilizeni. Jumamosi, makaburini Dindira, jeneza limeshikiliwa kwa kamba. Kreti la soda lipo, halina mtu. Hakuna aliyethubutu kulikanyaga. Wapigaji ishirini na wawili wakatazamana, wakaanza wenyewe. Wakaanza vibaya. Huyu mbele, yule nyuma, ngoma kubwa iko peke yake. Niliona aibu kana kwamba mimi ndiye ninayepiga. Walioshika kamba wakaanza kuelemewa na uzito wa jeneza.

Mama Rhoda, mjane wa marehemu, akasema taratibu, "Jamani, ndiyo mnamshusha hivi?"

Bendi ikanyamaza. Sheria ya mzee. Lakini nani aanzishe?

Rhoda akalaza tarumbeta lake kwenye majani. Akapanda kreti la baba yake. Akainua mkono. Akangoja hadi macho yote yakamgeukia. Ndipo nikasikia kitu ambacho miaka yote sikuwahi kukisikia: watu ishirini na mmoja wakivuta pumzi kwa wakati mmoja. Na mimi nikavuta nao.

Wakapiga. Mzee Jacob akashuka, na hakuna aliyepotea.

Mama Rhoda, Rhoda, wana Dindira wote, poleni sana. Nasi tuliobaki, kabla hatujamcheka mtu kwamba hafanyi kitu, tujiulize akiondoka tutaanzaje.

Mzee wangu, ulinijibu mapema nami nikacheka. Nisamehe.