Wasifu wa Immaculate Naliaka, Aliyepima Pua za Watoto

Marehemu Immaculate Naliaka alizaliwa tarehe 9 Mei 1978 katika nyumba za reli mjini Nakuru, msimu wa palizi, ndiyo maana akapewa jina la Naliaka. Mwaka 1986 familia ilihamia shambani, hapa Kabazi.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa. Mdogo wake Wasike alikomea darasa la nane akashika jembe. Naliaka aliendelea mpaka akahitimu diploma ya maabara mwaka 2001. Kila likizo alimfundisha Wasike aliyojifunza, punje za mahindi zikiwa chembe za damu.

Tarehe 18 Desemba 2004 alifunga ndoa na Mwalimu Levis Ogada. Walijaliwa mabinti wawili, Trizah na Sue.

Mwaka 2018 hospitali alikofanya kazi ilimpeleka ng'ambo miezi mitatu kujifunza kipimo cha sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu kamasi nzito. Mrija mwembamba huwekwa puani, maji ya chumvi yenye dawa hupita polepole, na mashine husoma umeme mdogo sana unaoonyesha kama milango ya chumvi kwenye utando wa pua inafunguka. Anayepimwa haongei wala hasogei.

Aliporudi, kwanza alihitaji pua yenye afya ya kulinganisha nayo. Mwalimu Levis alijitolea, akashindwa kunyamaza hata dakika tano. "Wewe rudi darasani," Naliaka alimwambia, akamwita Wasike, mtu asiye na maneno. Wasike alikaa dakika arobaini kama jiwe, na mstari kwenye mashine ukapanda vizuri.

"Ndugu yangu, kimya chako kimepata kazi."

"Dada, sasa naweza kukohoa?"

Januari 2020 aliletwa Chelangat wa Molo, miaka saba. Alikuwa ametibiwa kifua kikuu mara mbili asipone, na kipimo cha chumvi kwenye jasho kilikuwa hakisemi ndiyo wala hapana. Bila jibu, asingepata dawa zinazomfaa.

"Nikimbusu, midomo yangu inabaki na chumvi," mama yake, Chelimo, alisema. "Kwa alivyokonda, nyumbani wananiambia simlishi."

Mtoto aliuogopa mrija. Naliaka akamketisha Wasike mbele yake. "Wa kwanza kutoa sauti ameshindwa."

Dakika ya ishirini na tano, Wasike alipiga chafya. Chelangat hakutikisika. Mstari wake nao haukupanda: milango ilikuwa imefungwa. Madaktari wakapata jibu, na wiki hiyo hiyo matibabu yakaanza.

Agosti 2024 Naliaka aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Aliendelea kufundisha vijana wa maabara hata akiwa kitandani. Alifariki tarehe 11 Machi 2025. Alikuwa amemwomba Wasike asome wasifu huu, naye akakataa, kwa kuwa hajawahi kusimama mbele ya watu. "Basi nitamketisha Chelangat mbele yako," Naliaka alisema.

Ameacha mume wake, mabinti zake, mdogo wake, na watoto wote waliopimwa kwa mikono yake.

Leo Chelangat ana miaka kumi na miwili. Amekaa kiti cha mbele, kimya. Safari hii pia Wasike, anayewasomea wasifu huu, ndiye wa kwanza kutoa sauti, wala hajutii kushindwa.

Mungu ampe Naliaka pumziko jema.