MaDlomo na Kilima Asichokitaja

Leo ni Ijumaa, tarehe 29 Novemba 2019. Ukungu umetanda mtoni tangu alfajiri, na rasharasha imeanza. Ndiyo siku anayostaafu Bi Nokwakha Gqirhana, ambaye sote tunamwita MaDlomo kwa ukoo wa baba yake, baada ya miaka ishirini na saba ya kuwaongoza wageni katika makumbusho ya mji wetu wa Lukhalweni.

Alipoanza, makumbusho yalikuwa chumba kimoja cha stesheni ambayo treni zilishaacha kusimama. Ni yeye aliyezunguka nyumba kwa nyumba akiomba vyungu, viko virefu vya tumbaku vya akina bibi na picha za wanaume waliokwenda migodini. Anajua mto ulipita wapi kabla ya mafuriko, na kwa nini kanisa limeipa barabara mgongo. Wanafunzi hawasinzii akiwatembeza.

Kitu kimoja tu hakitaji: jina la kilima kilicho juu ya mji. Kinaitwa Songwevu, jina la babu yake mumewe, na kwetu mke hatamki majina ya wakwe zake wa kiume. Yeye husema "Kule Juu". Mwaka mmoja darasa zima liliandika kwenye mtihani wa jiografia kwamba kilima kirefu kuliko vyote hapa kinaitwa Kule Juu. Mwalimu alikuja amefura. Aliondoka ameshiba chai na mkate uliookwa chunguni.

Mwaka 2003 adabu hiyo nusura ituponze. Familia ya mumewe ilikuwa inadai kilima hicho, ilikofukuzwa zamani shamba la jirani lilipopanuliwa. Bila kuthibitisha kwamba waliishi huko, makaburi na malisho yangepotea moja kwa moja. Shahidi mkuu mbele ya tume ya ardhi alikuwa MaDlomo. Wakili wa mwenye shamba akamuuliza kilima kinaitwaje. Akajibu, "Kule Juu."

"Mjuzi wa historia ya mji, na jina halijui?" wakili akacheka.

"Nalijua, baba, ila mimi nimeolewa. Waulize na wake wenzangu wa ukoo huu."

Akasimama mama mkwe wake, MaBhele, ameegemea fimbo. "Wewe kijana, nimtaje baba mkwe wangu mbele za watu? Kwani mama yako alikulea vipi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Wake wengine wa ukoo wakaitwa, wazee kwa vijana, na kila mmoja akalizunguka jina kwa njia yake. Mwishowe akaulizwa wifi yao, Nomazotsho, binti wa kuzaliwa humo.

"Si Songwevu hicho! Mbona mnawatesa wake zetu?"

Mwenyekiti wa tume akaweka kalamu chini. Alisema hakuna mke anayeona haya kutaja kilima kisichowahusu wakwe zake, na haya ya wake wa vizazi vitatu haipangwi kwa asubuhi moja. Kilima kikarudi.

Leo ng'ombe wanalisha huko, makaburi yana uzio, na nyumba ya matofali imekwisha kuezekwa. Jumatatu MaDlomo na mumewe wanahamia. Watakuwa wa kwanza wa ukoo kulala pale tangu siku walipofukuzwa.

Asante, MaDlomo, kwa kutufundisha mji wetu. Tunakuombea paa lisilovuja, magoti yasiyolalamika na moshi wa jikoni kila asubuhi, tuuone tukiwa huku chini.