Kadi Moja Mezani: Maisha ya Marehemu Szeto Bing-Kwan (1917–1982)

Ndugu, jamaa na majirani wa Mtaa wa Pei Ho, aliyelala mbele yetu ni babu yangu, mzee Szeto Bing-Kwan, mpishi wa vyakula vya mvuke. Wengi wenu mmekula kutoka mikononi mwake bila kumwona, maana mpishi hukaa nyuma ya mlango.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1917 katika kijiji cha Lung Kong, wilaya ya Shun Tak, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Szeto Yau-Choi, mfuga viwavi vya hariri, na mama Leung Sam-Mui. Mdogo wake, Bing-Lam, alimfuata miaka minne baadaye. Walizaliwa wawili tu.

Alisoma miaka miwili kwa mwalimu wa kijiji. Baba alipofariki mwaka 1927, akaacha. Alijua kuandika jina lake, tarakimu na majina ya vyakula, akasema mtu asiye na wa kumwandikia barua hahitaji zaidi.

Mwaka 1938 alikuja Hong Kong na mama yake na mdogo wake. Mwaka uliofuata akapata kazi katika nyumba ya chai ya Kam Fuk, kwanza kuosha vikapu vya mianzi, kisha kukunja vifurushi vya unga vyenye kamba wa baharini ndani. Alikaa pale miaka thelathini na mitano, pamoja na ile ya vita ambayo hapakuwa na cha kukunja. Kila siku saa kumi alfajiri alikuwa amesimama mbele ya mvuke. Mvuke ulikula ngozi ya mikono yake, halafu ukaanza kula kifua. Aliwapikia wateja wa ghorofa ya juu, lakini yeye mwenyewe alikula chini, ambako chai ni nafuu.

"Majani ni yaleyale," alikuwa akisema. "Kule juu unalipia ngazi."

Mwaka 1947 alimwoa Fung Yuet-Ngo, msichana aliyepita kati ya meza na sinia shingoni akinadi vyakula. Bibi anasema neno la kwanza alilomwambia mlangoni mwa jiko lilikuwa: "Wewe mpishi, vifurushi vyako vimelala kama sura yako. Nitavinadije?" Kesho yake vilisimama vyote. Walijaliwa watoto wawili.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kila mtu mtaani analijua nusu. Mama yao alifariki nyumbani tarehe 20 Januari 1973, asubuhi. Marehemu hakuwepo. Alirudi na kikapu cha mkate wa figili kikiwa bado cha moto, akamkuta Bing-Lam ameshika mkono uliokwisha kupoa. Bing-Lam akasema, "Mama anakata roho, wewe unafuata tumbo!" Marehemu akaweka kikapu chini. Tangu siku hiyo hawakusemezana.

Mwaka uliofuata kifua kilimtoa jikoni. Akawa mteja kama wengine: saa kumi na mbili asubuhi, birika moja, vikapu viwili, meza iliyo karibu na mlango wa jiko. Naye Bing-Lam, ambaye sisi wajukuu tunamwita Babu Mdogo, alikuwa mteja wa meza hiyohiyo tangu zamani. Hakuna aliyetaka kumwachia mwenzake. Nyumba ya chai inaruhusu hilo, maana wasiojuana hukaa meza moja, kila mtu na birika lake na kadi yake ya kuandikiwa bili, na hakuna anayehesabu kuwa wamekula pamoja.

Mhudumu, mzee Sing, aliwauliza karibu kila asubuhi: "Leo mko pamoja?"

"Tunachangia meza," alijibu mmoja wao.

"Sura zimetoka kalibu moja, halafu mnachangia meza! Haya, kadi mbili."

Ikawa hivyo miaka minane. Ilichosha hata kuitazama.

Mwezi wa Juni mwaka huu madaktari walisema pafu moja limekwisha. Marehemu aliendelea kwenda, akishikwa mkono na mjukuu, akipumzika kila baada ya maduka matatu. Jumapili tarehe 10 Oktoba maji ya birika lake yaliisha. Alitaka kufunua kifuniko ili mhudumu aone, lakini vidole vilitetemeka, kifuniko kikagonga birika bila kuinuka. Babu Mdogo akanyoosha mkono, akakifunua, akakiegemeza ukingoni. Marehemu akagonga meza kwa vidole viwili, kama tunavyoshukuru.

Mzee Sing alipoleta maji, Babu Mdogo akamrudishia kadi yake. "Chukua hii. Kadi moja inatosha."

"Unasemaje?"

"Umekuwa kiziwi? Huyu ni kaka yangu."

Marehemu alivuta pumzi kwanza, ndipo akasema, "Basi agiza mkate wa figili."

Alikula kipande kisichozidi kidole gumba. Hakurudi tena Kam Fuk. Alifariki hospitalini Jumatano tarehe 3 Novemba 1982, saa nane mchana, mdogo wake akiwa amemshika mkono.

Baada ya kifo, Bibi alimwambia Babu Mdogo kile ambacho mumewe alimkataza kusema: asubuhi ile ya 1973 mama mwenyewe ndiye aliyeomba mkate wa figili, na alimwomba mwanawe mkubwa kwa sababu mdogo alikuwa amesinzia kwa uchovu. Bibi aliwahi kumuuliza kwa nini hasemi. Alijibu, "Amebaki na mama hadi mwisho. Nimwambie kwamba alikuwa amelala?"

Jioni Babu Mdogo akasema, "Liandikeni kwenye wasifu. Wote walinisikia nikimtukana. Na hili walisikie."

Marehemu ameacha mjane, Fung Yuet-Ngo, watoto wawili, Wai-Fan na Chi-Keung, wajukuu watano, na mdogo wake, Szeto Bing-Lam. Baada ya maziko tutakula Kam Fuk, ghorofa ya chini. Mzee Sing ameambiwa alete kadi moja.

Mikono yake imechoka. Sasa ipumzike, naye apumzike kwa amani.