Mama Aliyekataa Kutubia Machozi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mama Adolphine Nzigire wa Kensington-Bailey, hapa Buffalo. Ametutoka juzi akiwa na miaka sitini na mmoja. Adolphine Nzigire. Mama aliyeambiwa atubu, akakataa.

Alikuja Amerika akiwa mkimbizi kutoka Kivu. Alianzia Louisville, akifunga maboksi ghalani, kisha akahamia Buffalo kutunza wazee. Mumewe, Mirindi, aliuawa vitani. Hakuzikwa. Matanga hayakuwepo, maana Mama Adolphine alikuwa anakimbia na watoto wawili. Narudia, wapendwa: hakupata kumlilia mumewe.

Mwaka jana, 2015, Cherotich, Mkenya wa Columbus, alikusanya watu kumi na wanane wa Buffalo, Louisville na Columbus waende Misri kuona mahekalu na makaburi ya kale. Mzee Zihindula, kiongozi wa kanisa la Mama, akang'aka. Waliotolewa Misri hawarudi Misri, alisema. Mama akamjibu mbele ya kwaya nzima: "Mzee, Yesu mwenyewe, wazazi walimukimbizia Misri. Alikuwa mukimbizi sawa sisi. Donc, mi naenda."

Akaenda, na magoti yake mabovu. Walipofika kwenye makaburi ya Luxor, nusu ya kikundi walibaki ndani ya basi wakiogopa mizimu ya wafu. Yeye akateremka. Ukutani akakuta wanawake waliochorwa maelfu ya miaka iliyopita, mikono juu, machozi mashavuni. Cherotich anasema Mama aliwatazama kitambo. Kisha akainua mikono kama wao, akamlilia Mirindi kwa jina. Mlinzi alikuja mbio, akamwona, akasimama tu. Wale wa kwenye basi waliposikia kilio wakashuka mmoja mmoja, wakamshika mabega.

Habari zilifika Buffalo kabla yake. Akasimamishwa kwaya mpaka atubu hadharani, eti amelia na wapagani. Iliuma, tusidanganyane. Binti yake, Chimène, anasema kila Jumapili Mama aliimba peke yake jikoni huku akifuta macho. Lakini kutubu? Thubutu!

Mwezi uliopita Mzee Zihindula alimfuata hospitalini alikokuwa amelazwa. Akamwambia neno moja tu la toba litatosha, na kwaya itamwimbia siku ya kuzikwa. Mama akageuza uso, akamtazama. "Mzee, nililia bwana yangu. Kama ile ni zambi, bon, nitaielezea kwa Mungu mwenyewe. We rudi tu nyumbani."

Chimène pamoja na nduguyo, na ukoo wote, poleni sana. Poleni pia wenzake wa safari, Louisville na Columbus.

Mazishi ni Jumamosi, saa tano asubuhi. Kwaya haitakuja. Basi njooni nyinyi mnaojua kuimba, na msiojua njooni vilevile. Na wewe unayenisikiliza, jiulize: ni nani wako hujamlilia bado, na ni nani aliyekukataza? Mlilie leo.