Mzee Magige Hakuzembea

Mzee Simioni Magige anastaafu tarehe 30 Juni 2014, baada ya miaka ishirini na sita ya kufunga miti ya kuzuia kuta kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, hapa Nyakunguru. Nimepewa wasifu wake niuandike kwa sababu mimi ndiye ninayechapa barua za kikundi chetu cha wachimbaji, za Kiswahili na za Kiingereza. Kwanza nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: barua ya kaka yangu Daudi ya kuomba kazi hapa niliiandika mimi.

Mzee alikuja mwaka 1988, enzi za rashi, watu walipokimbilia dhahabu, akiwa na panga na kamba tu. Kila asubuhi alikuwa akigonga miti ya duara mmoja mmoja kwa nyundo. Unaolia ni mzima; usiolia umeoza ndani, unatolewa. Kwenye zamu yake hakuna aliyewahi kufukiwa. Mgeni mmoja wa wilayani alishuka na tai shingoni. Mzee akaiomba, akafungia mti uliolegea. Tai haikurudi.

Januari mwaka huu akaja Daudi na digrii ya jiolojia. Alikuwa amekaa nyumbani miaka mitatu, kila tangazo la kazi linataka uzoefu. Basi nikaandika, kwa Kiingereza kizuri kabisa, kwamba amefanya kazi chini ya ardhi miaka miwili. Alikuwa hajashuka hata siku moja.

Siku ya kwanza Mzee alimpa nyundo. "Mura, kijana wangu, mti huu haujasoma chuo. Ugonge, utakwambia."

Daudi akacheka. "Tata, baba yangu, mimi miamba nimeisomea miaka minne."

Mwenyekiti wetu Nyangwine akaingilia: "Mzee, huyu ana uzoefu, barua ninayo. Mwachie zamu."

Akamwachia. Wiki ya tatu, baada ya mvua, Daudi alipima nafasi kati ya miti, akaandika vipimo vyake sawasawa, hakugonga hata mmoja. Ukuta ukashuka. Mzee ndiye aliyeingia kumvuta, na mkono wa kulia wa Mzee ukabaki kule.

Sasa watu wanasema alizembea, alimwacha mgeni peke yake, ndiyo maana anastaafishwa miaka minne kabla ya wakati. Mwenyekiti kanyamaza. Daudi kanyamaza. Nami pia. Mzee akiulizwa husema tu, "Mtoto amepona, yatosha."

Hayatoshi. Programu ya sherehe ya kumuaga naichapa mimi, na wasifu huu utasomwa hivi hivi.

Nasikia hatua za Daudi zikija mlangoni. Siku zote mimi hufunika karatasi zangu kwa daftari. Hii naiacha wazi, asome kabla ya wengine.

Asante, Tata Magige. Urudi nyumbani Nyanungu kwa ng'ombe wako salama, na asikusalimie mtu kwa kukuonea huruma. Akusalimie kwa heshima.