Safu Ya Bwana Yangu

Bamama wa kanisa, leo sikai nyuma. Nimelia kule nyuma vya kutosha, sasa munisikilize, na mutu asiniambie nifupishe!

Bwana yangu alipokufa, familia yake balisema parsele, kiwanja pamoja na nyumba, iko yao. Balinipa musimu moja ya mvua nitoke. Nyumba sikuililia. Nililia muti ya safu, ile tunda ya zambarau tunakula na chumvi. Yeye njo aliipanda siku tulizaa mutoto wa kwanza, na safu yake ilikuwa laini, bila uchachu. Ukipanda mbegu, tunda inaweza kukudanganya. Donc, nikafanya markoti: unatoa ganda kuzunguka tawi, unafunga pale na udongo yenye maji ndani ya sashe ya plastiki, mizizi inatoka, kisha unakata na kupanda.

Nilifunga matawi sita. Lakini ndugu zangu, nawaambia ukweli: sikukuwa na imani. Kila nikitoka misa, nafungua sashe. Mizizi iko? Hakuna! Nafunga tena. Tano zikakauka. Shemeji yangu akapita, akacheka: "Unapanda muti juu ya muti? Kilio imekuharibu kichwa."

Nikamuamini, hiyo njo aibu yangu. Nikashika kisu, nitupe na ile ya sita.

Alors, papa moja jirani, mulimaji wa Banalia, akaniita: "Maman, hii iko markoti ao sufuria ya pondu juu ya moto? Kila saa unafunua!" Akanipa sashe nyeupe, ile inaonyesha ndani. "Angalia na macho. Mikono, weka nyuma."

Miezi mitatu, bamama, mikono nyuma! Mvua ikaanza kupungua. Asubuhi moja nikaona uzi mweupe unagusa plastiki. Mizizi! Nilipiga kelele mpaka jirani bakafikiri kuna kifo. Nikakata tawi, nikalipakata juu ya toleka, ile baiskeli ya kubeba watu, mwenye kuendesha anacheka njia nzima.

Aksanti kwa ule papa. Aksanti kwa maman alinipa kona ya parsele yake, anakaa pale, anajificha! Unayemuomba Mungu kitu, usikifunue kila siku.

Kule kwa bwana yangu, familia yake balikata muti, balijenga butiki ya biashara. Safu yangu imezaa mwaka huu. Shemeji alikuja kunisalimia, nikamuwekea sahani ya safu. Akakula moja.

"Hii iko ya yaya, kaka yangu," akasema, machozi yanatoka.

"Njo yake," nikamujibu. Nikamuonyesha tawi moja nimeshafunga kwa ajili yake. "Lakini shemeji, mikono nyuma."